Husikia Sauti, Hasikii Herufi



Wazazi watukufu, katika Surat An-Nahl, aya ya 78, Mwenyezi Mungu anapozitaja neema alizomjaalia mwanadamu tangu kuzaliwa, ameitanguliza neema ya kusikia mbele ya kuona. Mtoto hupata lugha, adabu na dini kwa njia ya sikio kabla hajajua kushika kalamu. Ndiyo maana kasoro ya sikio ikichelewa kutambuliwa, hasara yake haiishii sikioni.

Wiki hii tumtazame mtoto aitwaye mkaidi. Huitwa mara tatu asiitike. Chuoni ustadh humsahihisha baina ya sin na tha, naye hurudia kosa lile lile. Nyumbani kila neno hulijibu kwa "ee?" hata akawachosha watu. Huambiwa ni mzito wa kufahamu, na pengine hupigwa. Akitokea mtu akasema huenda hasikii, hujibiwa: "Mbona mlango ukigongwa hugeuka?"

Jawabu hilo ndilo linalotupoteza. Mlio wa mlango, ngoma, na irabu kama a, o na u ni sauti nzito zenye nguvu. Herufi kama s, f, th na sh ni sauti nyembamba na hafifu. Wapo watoto wazisikiao vyema sauti nzito, huku zile nyembamba zikiwapotea kabisa. Mtoto wa namna hii akiambiwa "fisi", hupata irabu mbili tu. Anajua kuwa umesema naye, hajui umesema nini. Kwa hivyo kupiga makofi au sufuria nyuma ya mtoto si kipimo cha kutegemewa; tena huenda ameona kivuli chako au amehisi mtikisiko.

Kipimo cha kitaalamu hufanywa katika chumba kitulivu, kila sikio peke yake. Mtoto huvishwa vipokea sauti masikioni, akapigiwa milio kuanzia ile mizito ya hezi 250 hadi ile myembamba ya hezi 8,000. Kila mlio hupunguzwa hadi ijulikane sauti ndogo kabisa anayoweza kuisikia. Mtoto wa miaka mitatu au minne hupewa vibao, akaambiwa atie kimoja kikapuni kila asikiapo mlio. Kwake yeye ni mchezo.

Matokeo huandikwa katika chati iitwayo odiogramu. Duara jekundu ni sikio la kulia, na alama ya buluu ya X ni la kushoto. Kadiri alama inavyoshuka, ndivyo sauti inavyohitaji kupandishwa. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, alama zisizofikia desibeli 20 ni za usikivu wa kawaida. Mwenye alama baina ya 35 na 50 huenda akapata taabu kufuata mazungumzo hata mahali palipo kimya, sembuse katika chuo chenye watoto wengi wanaosoma kwa pamoja.

Kisha huwekwa kifaa kidogo cha kutetemesha kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mtoto akisikia vizuri kwa njia ya mfupa, ilhali kwa njia ya kawaida hasikii vizuri, basi tatizo liko njiani: nta, maji nyuma ya kiwambo, au kiwambo kilichotoboka. Mengi ya haya hutibika. Njia zote mbili zikiwa dhaifu sawasawa, tatizo liko katika sikio la ndani au mshipa wake, na hapo mara nyingi huhitajika kifaa cha kusaidia kusikia.

Mtoto mchanga naye hupimwa. Kijibomba laini hutiwa sikioni, kikatoa mlio na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka sikio la ndani. Haumii, na aghalabu huwa amelala. Wataalamu huhimiza apimwe kabla ya kutimiza mwezi mmoja, ijulikane hakika kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita, kwa kuwa miaka ya mwanzo ndiyo ubongo unapojenga lugha.

Akina mama, msikubali lawama. Uziwi huweza kurithiwa hata pale wazazi wote wawili wanaposikia barabara. Pia huweza kuletwa na homa ya uti wa mgongo, surua, manjano kali ya utotoni, au sikio linalotoka usaha mara kwa mara. Sikio la namna hiyo lisitiwe mafuta ya moto wala kijiti; lipelekwe kwa daktari.

Ukiwa na shaka, usingoje mtoto "akue aache". Mpeleke hospitali yenye kitengo cha masikio, au uulize katika ofisi ya elimu kuhusu kituo cha EARC, ambacho hutathmini watoto wenye mahitaji maalumu. Mweleze ustadh pia, amkalishe mbele auone mdomo wake. Dua tuiombe, na tiba tuitafute, Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu.

Na kabla ya kuinua mkono kumwadhibu asiyeitika, tuhakikishe kwanza kuwa amesikia. Mwenyezi Mungu atuhifadhie masikio ya watoto wetu, na atujaalie kuwa wenye subira kwao. Amin.

Wabillahi tawfiq.