Mwalimu mpya, hebu andika insha yako kwanza

Wasee, tuongee ukweli. Kusanya insha za darasa zima la Gredi ya 6 uone. Jua ni lilelile linachomoza mashariki, ndege ni walewale wanatumbuiza, na mtoto wa Pipeline ati ameamshwa na jogoo. Jogoo gani, buda, na mnaishi ghorofa ya 7?

Mtoto hana makosa. Alifunzwa hivyo na mtu ambaye pia alifunzwa hivyo. KCPE iliisha 2023, lakini ile akili ya insha ya dakika 40 kwa alama 40 bado iko: kariri mwanzo, panga methali tatu, umeiva. Vyuo sasa vinatoa walimu wa diploma badala ya P1, sawa, ila diploma juu ya lile daftari la zamani la tamathali inasaidia nani?

Kinachoniudhi zaidi ni sarufi. Jumatatu ngeli, Jumanne nyakati, jaza pengo. Ijumaa insha, na hivi vitu viwili havijuani kabisa. Chukua -ka-. Kwa zoezi mtoto anapata kumi kwa kumi. Halafu kwa insha anaandika: "Nilienda dukani. Nilinunua mkate. Nilirudi." Mwalimu anachora mstari mwekundu, "boresha". Boresha nini sasa? Si umwonyeshe tu: "Nilienda dukani, nikanunua mkate, nikarudi." Hadithi imeanza kutembea. Muongezee -ki-: "Nikamkuta mama akilia." Tayari nataka kujua kumeenda aje, na hakuna methali hata moja imetumika.

Lakini huwezi kuonyesha mtoto hii kitu kama hujaandika hadithi yako tangu ufanye mtihani. Kwa hivyo huko chuoni, kila mwalimu mwanafunzi aandike kila wiki, wenzake waisome, waikosoe, airudie. Akienda TP aandike ubaoni mbele ya watoto, afute, abadilishe, wamwone akifikiria.

Najua mtasema darasa lina watoto 70, nani atasahihisha? Usisahihishe zote. Weka aya moja ubaoni, darasa zima liitengeneze. Hiyo ni dakika 15 na kipande cha chaki.

Na mkufunzi akija kukagua, asiangalie tu maazimio ya kazi na andalio la somo. Amuulize huyo mwalimu: wewe mwenyewe, mwezi huu umeandika nini?