Mnene Asiachwe Nyuma Kilimambogo

Kwenye mtelemko wa Kilimambogo, huko Machakos, pana kaburi la Bwana William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani ambaye maktaba moja maarufu ya Nairobi imepewa jina lake. Alikuwa pandikizi la mtu, mnene wa kutajika. Alifariki mwaka 1925, na husimuliwa kwamba alitaka azikwe kileleni, lakini chombo kilichobeba maiti kikashindwa na mlima, basi akazikwa chini ya kilele. Vijana wanaopanda huisimulia hadithi hiyo mbele ya mwenzao bonge, kisha wote wakaangua kicheko. Mimi siicheki. Kilichoshindwa siku ile kilikuwa chombo.

Ndugu msomaji, ukitoka nao watu wetu wa pwani kwenda kutembea vilima vya Iveti au Mua, au huko Kilimambogo, utaliona jambo moja. Wembamba hutangulia mbio. Wakifika mbali hukaa chini, wakanywa maji, wakala tende, wakimngojea mnene. Naye akitokea, jasho linamtiririka, wao husimama na kusema, "Haya, twende!" Kwa hivyo aliyehitaji kupumzika kuliko wote ndiye asiyepumzika hata dakika moja. Baadaye husemwa kwamba mwili wake ndio uliomshinda!

Kwa maoni yangu kosa ni la wenzake. Mnene na atangulie, mwendo uwe wake, na wenye haraka wamfuate. Katika Sunan Abi Dawud imepokewa kutoka kwa Jabir kwamba Mtume (S.A.W.) safarini alikuwa akibaki nyuma ya msafara, akiwasaidia wanyonge na kuwaombea dua. Sisi tumepata wapi adabu ya kumwacha mtu porini? Na Kilimambogo si jina la bure: mbogo wapo, na watu hupanda pamoja na askari wa mbuga.

Sasa nawe mwenye mwili, una yako ya kufanya. Mji wa Machakos uko kama mita 1,600 juu ya bahari, na kilele cha Kilimambogo hupita mita 2,100. Aliyetoka Mombasa jana atahema hata akiwa mwembamba. Kipimo ni ulimi: ukishindwa kusema maneno matano bila kukata pumzi, punguza mwendo. Kutoka langoni hadi kileleni ni kama kilomita tisa, kwa hivyo anza asubuhi mapema. Mwenye sukari au presha amwone daktari kwanza, tena mwenye sukari asikose kitu kitamu mfukoni.

Viatu nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Ukivua soksi kwa ajili ya udhu, kausha vizuri baina ya vidole kabla ya kuvaa tena, maana unyevu huleta malengelenge. Mkoba uwe na mkanda wa kufungwa nyongani, ili mzigo usiyaelemee mabega. Fimbo shika mbili, hasa wakati wa kuteremka. Wengi huogopa kupanda, kumbe magoti huumia zaidi kwenye kuteremka.

Limebaki lile ambalo watu huona haya kulitaja, nalo ni mapaja. Mapaja yanayosuguana huchubuka, na hapo safari imekwisha hata kama kifua bado kina nguvu. Paka vaselini kabla ya kuondoka, wala usingoje mpaka uwashwe. Ndani vaa bukta ndefu inayobana; akina mama nao wavae suruali nyepesi chini ya buibui.

Nalisema wazi kwa sababu wengi wetu tuna nia ya Hija, na huko ni kutembea: Saayi peke yake ni zaidi ya kilomita tatu, na wako wanaotoka Arafa kwenda Muzdalifa kwa miguu. Mwanamume aliye katika ihramu havai suruali wala bukta iliyoshonwa. Atabaki na mafuta yake yasiyo na manukato, basi bora ajue mapema, huku Machakos, mapaja yake huanza kuchubuka baada ya kilomita ngapi.