Onyesha Ngama Kavu

Ukisimama Karagita au Kamere Jumapili jioni, jua likielekea kujificha nyuma ya Mau, utaona boti zinavyotolewa Ziwa Naivasha. Trela inarudishwa kinyumenyume mpaka magurudumu yamezwe na maji, boti inavutwa juu, kamba zinakazwa. Kwenye mhimili wa trela panabaki majani mabichi mawili matatu, mashina yake yamevimba kama vitunguu. Ndani, chini ya viti, maji yamesimama: ya mawimbi, ya nyayo za abiria, ya ndoo ya samaki. Mwenye chombo anatazama saa. Barabara ya kurudi Nairobi anaijua, na foleni ya Jumapili anaijua zaidi. Anatia gia, anaondoka. Wikendi ijayo boti hiyo hiyo yaweza kuwa Kisumu, au Baringo, au kwenye bwawa la shamba la rafiki.

Mabaharia wa pwani wana neno lao kwa maji yanayotuama tumboni mwa chombo: ngama. Kwao ngama ni suala la uhai, maana isipofuliwa, chombo huenda chini. Sisi wa maziwa ya bara naomba tuliazime neno hilo kwa sababu nyingine. Humo ndimo wanamosafiria abiria ambao hatukuwaita wala hatukuwatoza nauli: kipande cha gugu, konokono, mayai ya samaki, tope lenye mbegu zisizoonekana kwa macho.

Nawaandikia ninyi wenye boti za starehe, manahodha mnaotembeza wageni kutazama viboko, mameneja wa hoteli za ufukweni, wavuvi wa ndoana wa wikendi, na ninyi viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fuo, ambao bila idhini yenu hakuna chombo kinachogusa maji kwenye fuo zenu. Nina ombi moja tu, nalo nitalifikia. Kwanza tukumbushane tulikotoka.

Naivasha liko juu, mita 1,890 hivi kutoka usawa wa bahari. Mito Malewa na Gilgil inaingia. Hakuna mto hata mmoja unaotoka. Viktoria liko chini, mita 1,134, ng'ambo ya kuta za Bonde la Ufa. Maji ya maziwa haya mawili hayakutani popote. Hata hivyo yote mawili yamevamiwa na gugu maji lile lile, lenye maua ya zambarau, ambalo asili yake ni bonde la mto Amazon. Naivasha lilionekana mwaka 1988. Viktoria, wakati huo huo, mwishoni mwa miaka ya 1980. Gugu halina miguu. Popote lilipovuka mlima, kuna mtu aliyelibeba, na mara nyingi alilibeba kwa sababu lilimpendeza. Ua lake kweli ni zuri, silisingizii.

Kabla ya hilo lilikuwapo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Naivasha lilivamiwa na salvinia, gugu la Kariba, lililopewa jina la ziwa lililo kati ya Zambia na Zimbabwe ambako mwaka 1962 lilitandaza zulia la takriban kilomita za mraba 1,000. Jambo la kushangaza kuhusu salvinia ni kwamba ni tasa. Halizai mbegu. Kila jani lake lililopo Afrika ni kipande kilichomeguka kutoka kwenye jani jingine, nalo lilimeguka kutoka jingine, hivyo hivyo mpaka Brazil. Kijiti chenye chipukizi moja, kirefu kama kucha, kinatosha kuanzisha ukoo mzima. Huko Uganda leo limeenea katika maziwa Kyoga na Albert. Nalitaja hili kwa sababu lina habari njema ndani yake: kiumbe kisicho na mbegu, kisichoruka wala kutambaa, ni kiumbe tunachoweza kukizuia mlangoni. Tunachotakiwa ni kuuangalia mlango.

Halafu kuna wale tuliowaleta kwa mikono yetu, kwa furaha kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 walitiwa Naivasha samaki aina ya black bass kutoka Marekani, ili wenye nafasi wapate mchezo wa kuvua kwa ndoana. Samaki mdogo wa asili wa ziwa hili, ambaye hakuwa akipatikana popote pengine duniani, alionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, wekundu wenye magando, kwa matumaini ya biashara. Biashara kweli ilikuja kidogo. Lakini kamba hao walikula mimea ya chini ya maji bila kuchagua, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 yungiyungi za buluu zilizokuwa zikipamba ghuba za ziwa hili zilikuwa zimetoweka. Leo kamba hao wanapatikana hata katika mito ya Laikipia, huko ambako hakuna aliyewaombea kibali. Ndiyo maana nasema starehe ina deni la zamani katika ziwa hili. Karibu kila anachovua mvuvi wa Naivasha leo kililetwa na mtu.

Nani alilipa? Hapa tusiseme kwa mafumbo. Mwaka 1998 gugu maji lilifunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam katika Ziwa Viktoria. Meli zilikwama bandarini Kisumu, mvuvi akasukuma ngalawa yake kwa upondo mahali ambapo jana alipiga kafi, na chini ya zulia lile la kijani konokono wa kichocho na viluwiluwi vya mbu wakapata makao. Wadudu walioachiliwa katika miaka ya 1990 walilitafuna na likapungua sana, kisha likarudi, na mpaka leo linakwenda na kurudi kwa kufuata mvua, upepo na uchafu tunaoumimina ziwani. Gugu hili, likipata maji yenye rutuba, huongezeka maradufu kwa muda wa wiki moja au mbili. Mbegu zake hulala topeni miaka mingi, nyingine zaidi ya kumi na tano, zikisubiri. Mama anayeuza samaki hakuwahi kupanda boti ya starehe, lakini siku ghuba ilipozibwa ni meza yake iliyokuwa tupu.

Wenzetu wa Baringo hawahitaji kuhubiriwa. Wao waliletewa mti wa mathenge katika miaka ya 1980 ili uzuie jangwa, ukaishia kuziba malisho yao na kung'oa meno ya mifugo yao, hata wakaenda mahakamani na mbuzi kibogoyo kama ushahidi. Mbuzi yule alituchekesha sana magazetini. Tungemsikiliza pia.

Tazama na Marekani, ambako boti za starehe ni nyingi mno. Mwaka 1988 aligunduliwa katika Ziwa St. Clair kome mdogo mwenye mistari, aliyesafiri kutoka Ulaya ndani ya maji ya uzani wa meli. Meli zilimfikisha kwenye Maziwa Makuu ya huko. Kutoka hapo, kwa sehemu kubwa, ni boti za wikendi zilizompakia kwenye trela na kumsambaza katika mamia ya maziwa madogo. Ndugu yake, kome wa quagga, alionekana Ziwa Mead, ng'ambo ya milima ya Rocky, Januari 2007. Hakuna mto uliomvusha milima ile. Kome hao huganda ndani ya mabomba ya maji mpaka yazibe, na gharama yake hulipwa na kila mwenye mfereji nyumbani. Basi jimbo la Minnesota, ambalo lina maziwa zaidi ya elfu kumi, limeweka sheria: ni kosa kusafirisha mimea ya majini barabarani, na boti ikiwa juu ya trela lazima kizibo chake cha chini kiwe kimetolewa. Unaposimamishwa na askari, kizibo kisikutwe mahali pake. Ni jambo dogo hivyo.

Sisi nasi hatuna upungufu wa sheria. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 kinakataza kuingiza mnyama au mmea wowote ziwani au mtoni bila kibali, awe wa kigeni au wa kwetu. Lakini sheria hiyo haiwezi kuinama chini ya trela ikatazame mhimili. Anayeweza kuinama ni wewe.

Ombi langu ndilo hili. Chombo chochote kisiingie ziwani kabla ya kuonyesha ngama kavu, na kisiondoke ufukweni kabla ya kuiacha ngama yake pale pale ilipotoka.

Kwa vitendo: boti ikishapanda trela, isogezwe mbali kidogo na maji, kizibo kitolewe, maji yamwagike ardhini, na ndoo ya chambo imwagwe hapo hapo. Kisha watu wawili waizunguke. Mmoja atazame mkuku, rafadha na mahali injini inapovutia maji ya kujipoza; mwingine atazame trela, hasa nyuma ya magurudumu na penye mbao za kukalia boti, maana huko ndiko majani hujibana. Nanga na kamba yake zioshwe tope lote, kwa kuwa tope ndilo lenye mbegu. Majani yatupwe kwenye shimo au pipa lililo juu ya alama ya mafuriko, wala yasisukumwe kwa mguu kurudi majini. Na tangu ziwa lianze kupanda mwaka 2010, hiyo alama ya mafuriko tuipime kwa unyenyekevu. Baada ya hapo boti ianikwe juani siku tano kabla ya kugusa ziwa jingine. Jaketi za kuokoa maisha nazo zianikwe; zimeshonwa kwa kitambaa kinachoshika maji kuliko tunavyodhani.

Nimewahi kumwambia nahodha mmoja maneno haya, akanijibu, "Mzee, mimi nalipwa kwa safari. Kuosha hakunilipi." Ana haki. Kijana anayepata riziki kwa kila kundi la wageni hawezi kubebeshwa peke yake kazi ya kulinda ziwa zima. Kwa hiyo nawageukia wenye boti na wenye hoteli: dakika ishirini za kuosha zihesabiwe kuwa sehemu ya safari na zilipwe. Mgeni anayetoa maelfu ya shilingi kumwona kiboko hatakataa kuongezewa bei ya brashi na sabuni ya mikono, tena akielezwa sababu atakuwa na cha kusimulia nyumbani.

Najua pia yule atakayeuliza: ziwa limekwisha kuharibika, tunalinda nini? Tunalinda vitu viwili. Naivasha halina kila kitu kilichomo Viktoria, wala Baringo halina kila kitu kilichomo Naivasha. Orodha ya wavamizi ya kila ziwa bado ina nafasi, na hatuna haja ya kuijaza. Halafu ziwa lililougua ndilo la kwanza kuambukiza. Mwenye surua hatembei nyumba kwa nyumba akisema yeye ameshaumwa.

Atakuja na mwingine aseme ndege nao hubeba mbegu miguuni. Ni kweli, hubeba. Lakini korongo hana tangi la lita ishirini tumboni wala hapiti barabara kuu kwa saa sita akiwa na kivuli cha turubai. Ya ndege tumwachie Mungu, ya trela ni yetu.

Kwa BMU, ufuo mmoja ukianza peke yake, wenye haraka watahamia ufuo wa jirani, na aliyeanza ataonekana mjinga aliyefukuza wateja. Kwa hiyo Karagita, Kamere na fuo nyingine zote za Naivasha zianze siku moja, kisha zizungumze na wenzao wa Dunga kule Kisumu na wa Kampi ya Samaki kule Baringo. Mahitaji hayafiki hata bei ya injini moja kuukuu: brashi za mpini mrefu, pipa, kibao chenye maneno matatu, na mtu mwenye mamlaka ya kusema, "Bado, rudi ukaanike." Anayekaa kwenye meza ya kukatia risiti tayari yupo. Aongezewe kazi hiyo, na posho yake.

Na sisi raia wengine, abiria tu, tuna kazi yetu. Usichume lile ua la zambarau ukamtie mtoto mkononi aende nalo nyumbani kwenye ndoo. Usimwage samaki wa tangi la sebuleni kwenye mto eti unamwonea huruma. Na kabla ya kulipa nauli ya boti, muulize nahodha kwa adabu jana ilikuwa ziwa gani. Akisema ilikuwa Kisumu, mwombe akuonyeshe chini ya viti. Ukikuta maji, shukeni wote, mshikeni mkono mwinue ubao wa sakafu pamoja, na wa kwanza kufika na kopo aanze kufua.