Feni Ikizimika, na Taa Izimike



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Wiki hii tunazungumzia kitu kidogo cha ndani ya nyumba, feni ya ukubwa wa kiganja, ambacho nusura kitutie katika msiba mkubwa. Tunayaandika haya kwa sababu vijana wetu wengi siku hizi huunda vifaa vya umeme kwa mikono yao, nasi wazazi huwasifu bila kuwauliza maswali.

Makazi yetu ni ghorofa ya pili, Kariakoo, na dirisha letu linatazamana na ukuta wa jirani. Mama watoto alitaka kuotesha miche ya nyanya na pilipili, apate ya kupeleka shambani Mkuranga masika yakianza. Pa kuiweka juani hatuna. Paa la jengo lina matangi ya maji na mlango wake hufungwa. Miche ikawa inarefuka myembamba, ikiinama upande wa dirisha kutafuta mwanga. Kijana wetu wa kidato cha tatu akajitolea kuiundia taa.

Alinunua taa ya LED ya wati 50 pamoja na draiva yake, yaani kile kisanduku kinachoilisha taa umeme. Taa akaifunga kwenye bamba la alumini lenye mapezi, na juu ya mapezi akapachika feni mbili alizozitoa katika kompyuta mbovu. Taa aliichomeka kwenye soketi ya ukutani. Feni alizipa adapta yake, akaichomeka kwenye ekstensheni iliyo karibu na kitanda. Ilifanya kazi vizuri, na miche ikasimama wima. Kwa kutaka ikue haraka, akawa anaiacha taa ikiwaka usiku na mchana. Tulimsifu, tukamwombea dua, tukaenda kulala.

Usiku wa tatu mama watoto aliamka kwa ajili ya swala ya usiku, akasikia harufu ya plastiki inayoungua. Taa ilikuwa inawaka na feni zote mbili zimesimama. Ganda la waya uliogusa bamba lilikuwa limelainika na kuanza kuyeyuka, na pazia lilikuwa umbali wa shubiri moja tu. Katika chumba hicho walilala watoto wetu watatu. Sababu haikuwa ya kutafutwa mbali: mtu alichomoa adapta ya feni kwenye ekstensheni ili achaji simu. Hatukuuliza ni nani, maana yeyote kati yetu angeweza kufanya hivyo.

Hapo tulikumbuka mafundisho tuliyoyasikia tangu chuoni. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) kwamba nyumba moja mjini Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.), akawafahamisha watu kuwa moto ni adui yao, na kwamba wauzime wanapolala. Katika mapokezi mengine imetajwa sababu yake: panya huweza kuuburuta utambi wa taa na kuwaunguza wenye nyumba. Imam an-Nawawi ameeleza kwamba taa iliyotundikwa, ikiwa hakuna hofu ya kuleta moto, haina ubaya kuachwa, kwa kuwa sababu ya katazo haipo tena. Basi swali la kila mwenye nyumba ni hili: je, sababu tumeiondoa? Kwetu sisi haikuwa imeondolewa. Panya wa nyumba yetu alikuwa na miguu miwili na simu mkononi.

Tueleze sasa jambo lenyewe, ili wengine wasifikie tulipofikia.

Watu husema taa za LED hazina joto. Hiyo ni nusu ya ukweli. Mwanga wake hauchomi kama ule wa balbu za zamani, lakini katika taa nyingi za bei nafuu zaidi ya nusu ya umeme huishia kuwa joto, na joto hilo hutokea nyuma, kwenye bamba. Balbu ya kawaida ya nyumbani ni ya wati chache, na ganda lake hulimudu joto lake. Taa ya wati 50 iliyokusanyika mahali padogo inahitaji bamba kubwa, au bamba la wastani lenye feni. Ikiwa bamba limechaguliwa kwa kutegemea feni, basi feni si pambo. Bila hiyo taa haina ruhusa ya kuwaka.

Feni nyingi za kompyuta hutumia umeme wa mkondo mnyoofu wa volti 12. Kosa la kwanza la vijana ni kuiungia feni kwenye nyaya zinazotoka kwenye draiva kwenda kwenye taa. Draiva nyingi za wati 50 hutoa volti kama 30 hadi 36. Feni ya volti 12 ikipewa kiasi hicho itaungua. Wala isiwekwe kwa mfuatano na taa, kwani draiva hushikilia kiasi maalumu cha umeme kinachoifaa taa, si feni. Kosa la pili ni chaja ya simu ya volti 5: feni huenda ikazunguka kivivu, au ikagoma kabisa kuanza siku nyingine.

Njia nyepesi ni adapta ya volti 12. Tazama kibandiko cha feni usome ampea zake. Feni yenye ampea 0.2, zikiwa mbili, zahitaji ampea 0.4, adapta ya ampea 1 itazibeba bila kuchoka. Feni ziungwe kwa usambamba, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, ili kila moja ipate volti 12 zake. Adapta za zamani, zile nzito zenye koili ndani, zipimwe kwanza kwa multimita, kwa sababu baadhi yake huandikwa 12 na kutoa zaidi ya hapo zinapobeba mzigo mdogo.

Hata hivyo, kuifanya feni izunguke ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuhakikisha kwamba feni ikizimika, na taa izimike. Hapa pana mambo mawili. La kwanza, adapta ya feni na draiva ya taa zifungwe ndani ya kisanduku kimoja, zitoke kwa waya mmoja na plagi moja. Atakayechomoa, achomoe vyote. Umeme ukikatika na kurudi, vyote vizimike na kuwaka pamoja.

La pili ni kwa sababu feni yenyewe hufa: vumbi huijaa, bushi zake hukauka, waya wake hukatika. Plagi moja haitamsaidia mwenye feni iliyokufa. Kuna swichi ndogo ya joto, ya ukubwa wa kifungo cha koti, inayofungwa kwenye bamba la alumini na kukata umeme joto likipita kiwango chake, kwa mfano nyuzi 60. Ichaguliwe ile ambayo kwa kawaida hupitisha umeme na hukata inapopata joto, na iwe imeandikwa kuwa yaweza kubeba umeme wa nyumbani, volti 250. Huwekwa kwenye waya wa moto unaoingia katika draiva. Bamba nalo liungwe na waya wa ethi. Kazi hii ya umeme wa ukutani tusimwachie mtoto. Aitwe fundi umeme, na kijana akae karibu ajifunze.

Baada ya hapo fanya jaribio ukiwa macho. Washa taa kwa saa moja feni zikizunguka, kisha zima na uguse mapezi. Ikiwa huwezi kuyashika kwa sekunde chache, bamba ni dogo au upepo hautoshi. Ukiridhika, washa tena, kisha simamisha feni kwa makusudi kwa kuchomoa waya wake, ukae hapo hapo uangalie. Taa isipojizima yenyewe kabla kitu chochote hakijatoa harufu, kifaa hicho hakijawa tayari kukaa chumbani kwa watoto.

Kuna na jambo la matumizi. Miche haihitaji mwanga usiku kucha. Saa 14 hadi 16 kwa siku zinaitosha, nayo hunufaika na giza. Kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 usiku ni saa 16 kamili: twaiwasha tukiamkia swala, twaizima kabla ya kulala, na hakuna taa inayowaka watu wakiwa usingizini. Kwa mpango huo taa ya wati 50 hula uniti kama 24 za LUKU kwa mwezi, na feni mbili huongeza uniti 2 na ushei tu. Asiyezime feni kwa kubania umeme, anabana pasipostahili. Na mwenye ua au kibaraza chenye jua asiunde taa hata kidogo. Jua ni neema aliyopewa bure, na kuliacha akalipia umeme ni israfu.

Kijana wetu aliiunda upya taa yake pamoja na fundi wa mtaani. Siku ya jaribio tulikaa sote sebuleni, mama watoto akachomoa waya wa feni kwa mkono wake mwenyewe, tukasubiri. Baada ya dakika kadhaa taa ikazimika. Hakuna aliyepiga makofi. Mama watoto alisema alhamdulillah, akaenda kumwagilia miche yake.

Somo letu sisi wazazi ni moja. Mtoto akileta kitu alichokiunda, tumsifu, kisha tumuulize: kikiharibika, kitaharibika vipi, na nani atakuwa amelala karibu yake? Kumuuliza hivyo si kumvunja moyo. Watoto ni amana, na amana huulizwa.

Tunamwomba Allah (S.W.) azilinde nyumba zetu na watoto wetu, na aibariki mikono yao. Wabillahi tawfiq.