Msiipake Rangi Tu, Iwasheni: Gari la Moshi la Zamani ni Shule ya Vijana

Bodo reli haijawahi kufika. Huku kwetu chombo ni mashua, na kila mtoto anajua mashua ikichoka inafanywa nini. Inavutwa pwani, ubao uliooza unang'olewa, unatiwa mwingine, kalafati inapigwa upya, kisha inarudi majini. Ukiipaka rangi na ubao mbovu uko ndani, halafu useme umeitengeneza, utachekwa mpaka Funzi.

Sasa mbona injini za mvuke tunaridhika kuzipaka rangi?

Kwanza tuelewane, hii si habari ya Nairobi peke yake. Watu wakisikia Kwale wanafikiria Diani na mchanga mweupe, lakini reli ya zamani inapita kaunti hii hii: Samburu, Taru, Mackinnon Road. Mizigo ya bandari ya Mombasa ilipandishwa bara kwa njia hiyo, na kuanzia 1955 kazi ngumu zaidi ilifanywa na injini za Garratt za daraja la 59. Zilikuwa 34, zilizoundwa na Beyer Peacock kule Manchester, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 hivi. Ukiitazama moja utadhani ni injini mbili zimebebeshana boila moja katikati, na ndivyo ilivyokusudiwa, ili dude refu vile liweze kukata kona. Kwenye reli ya upana wa mita moja, duniani kote, haijawahi kuundwa injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda.

Zilipewa majina ya milima. Iliyo maarufu leo ni namba 5918, Mount Gelai, mlima ulioko Tanzania karibu na Ziwa Natron. Msishangae injini ya Kenya kuitwa hivyo; reli ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima mpaka jumuiya ilipovunjika 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 injini hiyo ilifufuliwa, ikawashwa, ikatembea. Namba 3020, Nyaturu, nayo ikafufuliwa. Kwa hivyo mtu asiniambie haiwezekani. Imeshawezekana. Swali langu ni moja: wale walioijua kazi hiyo wamemwachia nani?

Manake kazi yenyewe si ya YouTube. Roho ya injini ni boila, na boila haitaki mchezo. Ndani yake kuna mirija mingi. Moto unapita ndani ya mirija, maji yamezunguka nje. Miaka ikipita maji yanaacha ukoko wa chokaa kama ule wa birika la chai, chuma kinaliwa na kutu pale usipopaona. Fundi anatoa mirija, anasafisha, anapima unene wa chuma, anaweka mipya na kuitanua ncha mpaka ikabe. Kisha unakuja mtihani. Boila inajazwa maji baridi, halafu yanasukumwa kwa pampu mpaka presha ipite ile ya kazi, ambayo kwa Garratt hizi ni pauni 225 kwa inchi ya mraba. Yanatumika maji, si mvuke, kwa sababu chuma kikishindwa maji yatachuruzika tu. Mvuke ungelipuka na kuua watu. Hata kuwasha kwenyewe kuna adabu yake: moto unapandishwa polepole kwa saa nyingi, la sivyo chuma kinatanuka ovyo na viungo vinaanza kuvuja.

Mambo hayo yote yamo kwenye mikono na masikio ya wazee.

Eritrea walilielewa hili mapema kuliko sisi. Reli yao ya Massawa hadi Asmara iliharibiwa na vita. Vyuma vikang'olewa na kujengea mahandaki. Baada ya uhuru wa 1993 waliamua kuijenga wenyewe, na walioitwa ni wafanyakazi wa reli waliokwisha kustaafu, wazee kabisa, waje wafufue injini za mvuke za enzi za Waitaliano. Kufikia 2003 treni ilikuwa imerudi Asmara, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Nchi maskini kuliko yetu, jamani.

Najua jibu la mtu wa Kinango: maji kwanza, hayo madude ya wakoloni baadaye. Ana haki. Mimi pia singependa pesa za visima zinunulie watalii picha za moshi. Lakini mvuke haujafa. Viwanda vya sukari huchoma makapi ya miwa kuchemsha boila, na miwa inalimwa hapo Ramisi. Umeme mwingi wa Kenya unatokana na mvuke wa ardhini kule Olkaria. Hoteli na hospitali zina boila za kufulia na kutakasa vifaa. Kijana aliyefunzwa kwenye Garratt atakuwa na pa kwenda Jumatatu asubuhi. Wangapi kati yetu wenye diploma tunaweza kusema hivyo?

Kwa hivyo siku 5918 itakapoingizwa karakana tena, kila fundi mzee awe na vijana wawili kando yake, wanaolipwa, na wanaopata cheti mwishoni. Chuo cha Mafunzo ya Reli kipo Nairobi; vyuo vya ufundi vya kaunti vipo. Na nafasi zisiishie kwa watoto wa Nairobi, ziletwe pia Kinango na Msambweni. Reli na madaraja yakaguliwe kwanza, maana tani 250 si bodaboda, kisha tuione ikipanda Taru kwa nguvu zake yenyewe.

Na wewe mwenye babu aliyefanya kazi karakana ya Mombasa au Voi, simu unayo mfukoni. Mrekodi wikendi hii. Muulize alijuaje boila inavuja kabla ya kuiona.