Tuweke kiyoyozi katika magari ya wazee wetu, lakini si kwa gesi ya jikoni

SEPTEMBA ya mwaka 2024, siku moja ambayo sitaisahau, nilitoka hospitali na mama yangu mapema asubuhi hapa Bujumbura. Njiani tukaona foleni ya petroli inasogea. Kwa kuwa tangi lilikuwa limebaki na lita chache tu, nikaingia. Saa saba mchana bado tulikuwa pale pale.

Mama ana zaidi ya miaka sabini na ni mgonjwa wa shinikizo la damu. Tukifungua vioo, vumbi na moshi wa malori vinaingia. Tukifunga, gari linakuwa tanuri. Akaanza kutokwa jasho jembamba na maneno yakawa hayatoki vizuri. Mwanamke aliyekuwa akiuza maji kando ya barabara alilowesha kitenge chake mwenyewe, akamfunika Mama kichwani, wala hakutaka faranga hata moja. Mungu amlipe.

Jioni ile niliamua kwamba gari lile lazima liwekwe kiyoyozi. Kilichofuata ndicho kilichonifanya nishike kalamu, maana nimegundua kuwa jambo hili linawahusu watu wengi, hasa ninyi ndugu zangu mnaovuka mpaka kila wiki na vipuri mgongoni.

Kwanza nieleze gari lenyewe. Ni Peugeot 504 ya mwaka 1978. Wazee wanaijua. Ndiyo aina iliyoshinda mbio za Safari Rally kule Kenya mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na iliwahi kuunganishwa Mombasa na Kaduna, Nigeria. Baba aliinunua ikiwa imekwishatumika. Oktoba 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, tulikimbilia Tanzania kwa miguu, gari tukaliacha kwa jirani yetu wa Buyenzi. Baba alifia kambini, wilayani Kasulu. Tuliporudi mwaka 2008 tulilikuta limepandishwa juu ya matofali, limefunikwa turubai, kuku wametaga ndani. Jirani yule angeweza kuliuza mara kumi. Hakuliuza. Alitukabidhi ufunguo ukiwa umefungwa katika kitambaa.

Kwa hiyo niliposema nataka kuweka kiyoyozi, mdogo wangu anayefanya biashara Kigoma alipinga kwa nguvu. "Kaka, hilo ni gari la Baba. Liache kama alivyoliacha," aliniambia kwenye simu. Ninamheshimu, na najua warejeaji wengi wana kitu kama hicho nyumbani: gari, cherehani, redio ya mbao, ambacho hakuna anayethubutu kukibadilisha. Lakini mimi naona kitu cha mzee kinachoachwa kimya uani kinaoza. Kinachotumika ndicho kinachotunzwa. Tena yule ambaye Baba angependa akae humo kwa raha kuliko wote ni huyo huyo Mama.

Hata hivyo mdogo wangu alikuwa na hoja moja ya kweli, nayo ni kwamba mafundi wengi huharibu. Hapo nilipata somo kwa gharama yangu.

Fundi wa kwanza, ambaye simtaji wala garaji yake siitaji, aliniahidi kazi ya siku moja kwa bei iliyonifurahisha. Alifunga kompresa iliyotolewa kwenye gari chakavu, akaweka na sanduku la kupozea hewa la Corolla iliyotoka Japani. Hapa wafanyabiashara nisikilizeni. Magari yale usukani wake uko kulia, na sanduku la kupozea hukaa kushoto, mbele ya abiria. Peugeot zetu zina usukani kushoto. Basi sanduku lile halikupata pa kukaa mpaka akakata chuma cha chini ya dashibodi. Nilipokuja jioni, kazi imekwishafanyika.

Kisha akajaza gesi. Baridi ilikuja, tena kali, nikamsifu. Siku ya nne, nikiwa na Mama njiani, tukasikia harufu ile ile tunayoisikia jikoni mtungi unapovuja. Nilizima gari, nikafungua milango yote minne, nikamshusha Mama. Nilipombana fundi, alikiri kwamba gesi ya magari ilikuwa ghali siku hizo, hivyo alitumia gesi ya kupikia. "Mzee, wengi tunafanya hivyo, na inapoza vizuri," alisema.

Ni kweli inapoza. Gesi za jamii ile hutumika hata katika baadhi ya majokofu ya nyumbani, lakini majokofu hayo yametengenezwa kwa ajili yake na hubeba kiasi kidogo sana. Ndani ya gari mambo ni mengine. Sanduku la kupozea liko mbele ya magoti ya abiria, na feni inapuliza hewa yake ndani ya chumba kilichofungwa vioo. Likivuja, gesi yote inaingia mlimo ninyi. Hapo panatosha cheche ya swichi moja, au abiria mmoja mwenye kiberiti. Wahenga walisema rahisi ghali. Mimi ilikaribia kunigharimu mama mzazi.

Msidhani mtungi wenye maandishi mazuri unamaliza tatizo. Mwaka 2011 makontena ya baridi yanayosafirishwa kwa meli yalilipuka na kuua wafanyakazi wa bandari. Ilibainika kuwa yalijazwa gesi bandia. Mtungi uliandikwa R134a, lakini ndani mlikuwa na kloridi ya methili, kemikali inayoshambulia alumini na kuzaa kitu kinachowaka chenyewe kikikutana na hewa. Kama hilo liliweza kupenya katika kampuni za meli, litashindwaje kupenya njia ya Manyovu au Kobero?

Fundi wa pili nilimpata Buyenzi, mtaa ambao ufundi wake haujaanza jana. Huyu hakuanza na kiyoyozi. Alianza na joto ambalo gari lenyewe linatengeneza. Aliziba matundu ya ukuta unaotenganisha injini na abiria, akabadilisha raba za milango, akasafisha rejeta. Feni ya 504 hujiunganisha yenyewe kwa sumaku maji yakipata moto, na yangu ilikuwa imekufa miaka mingi bila mimi kujua. Kondensa ya kiyoyozi hukaa mbele ya rejeta na kuiongezea joto, kwa hiyo bila feni nzima gari lingechemsha siku ya kwanza. Kazi hiyo peke yake ilipunguza joto kiasi kwamba nilijiuliza kama bado nahitaji kiyoyozi.

Baada ya hapo alitafuta sanduku dogo linaloning'inia chini ya dashibodi, lisilojali usukani uko upande gani. Alifunga kompresa kwa vishikio vya bolti bila kukata kitu, ili siku tukitaka tulirudishe gari kama alivyoliacha Baba. Aliongeza alteneta yenye nguvu zaidi, kwa sababu ile ya zamani haikuhesabiwa kwa mzigo wa feni mbili. Akaweka kikaushio kipya, kisha akavuta hewa na unyevu wote kwa pampu kwa zaidi ya nusu saa kabla ya kujaza gesi, akipima kwa mizani, si kwa kukisia. Mdogo wangu alipokuja kuona, alikagua chini ya boneti kwa muda mrefu, akasema tu, "Hapa sawa."

Msomaji ataniuliza: Bwana, nchi imehangaika na uhaba wa petroli miaka yote hii, wewe unaongeza mashine ya kunywa mafuta? Ni swali la haki. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema kwamba penye joto kali, hasa safari fupi, kiyoyozi kinaweza kupunguza umbali wa gari kwa lita kwa zaidi ya robo. Na ndani ya foleni, gari likiwa halina mafuta, hakikusaidii kitu. Kwa hiyo nyumbani kwetu tumeweka sheria. Kinawashwa Mama akiwa ndani au mgonjwa mwingine wa mtaani akibebwa. Nikiwa peke yangu nafungua kioo kama zamani. Tukipanda kwenda Bugarama, kwenye zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, tunakizima tangu mwanzo wa mlima ili injini ipumue, na huko juu baridi ni ya bure.

Sasa nije kwenu wafanyabiashara wa mpakani. Sina ugomvi na biashara yenu. Bila ninyi, nusu ya magari ya Bujumbura yangekuwa juu ya matofali kama lilivyokuwa letu. Lakini mtungi wa gesi si sawa na kitenge au mkanda wa feni. Nunua kwa muuzaji atakayekupa risiti na ambaye utampata tena. Mtungi uliofunguliwa au kujazwa upya mahali usipopajua, uache huko huko. Kompresa ya mtumba ije ikiwa imezibwa midomo, maana ikikaa wazi safari nzima hunyonya unyevu na vumbi, na fundi anapoifunga huku atalaumiwa kwa kosa ambalo si lake. Ukibeba sanduku la kupozea, mwambie mnunuzi limetoka gari la usukani upi.

Kwa Ofisi ya Viwango ya Burundi na watu wa forodha, ombi langu ni fupi. Mitungi hii ipimwe inapoingia. Kipo kifaa kinachoshikwa mkononi ambacho hutambua gesi iliyomo kwa dakika chache. Kikipatikana kimoja Bujumbura, mahali ambapo fundi yeyote anaweza kupeleka mtungi wake na kulipa kidogo, kitaokoa watu.

Na kwa warejeaji wenzangu wenye gari la mzee uani, nasema lifufueni. Anzeni na rejeta, feni na raba za milango. Kama fedha inayobaki haitoshi kiyoyozi cha kweli, ngojeni. Fundi akikwambia gesi yoyote itafaa, chukua ufunguo wako uondoke.