Karatasi Iliyoshonwa Ndani ya Koti

Mtu aliyezoea hesabu hupenda jawabu. Karani akifunga daftari lake jioni, na senti moja ikapungua, halali mpaka aione. Naye mkulima huhesabu magunia yake kabla ya kukubali bei. Kwa hiyo si ajabu kumsikia kijana aliyesoma akiwaambia wazee wake, "Nionyesheni Mungu kama mwalimu alivyotuonyesha hesabu, nami nitasadiki." Neno hili si la utovu wa adabu, wala si jipya. Katika nchi ya Ufaransa alikuwako mtu aliyestahili kulisema kuliko wengi, jina lake Blaise Pascal, aliyezaliwa mwaka 1623.

Baba yake alikuwa mkubwa wa kodi katika mji wa Rouen, na kazi ya kujumlisha ilimchosha mno. Mwanawe, hali hajatimiza miaka ishirini, alianza mwaka 1642 kumtengenezea mashine ya magurudumu iliyojumlisha na kutoa. Mwaka 1648 alimwagiza shemeji yake apande mlima wa Puy-de-Dôme akichukua bomba la kioo na zebaki. Kule juu zebaki ikashuka kuliko ilivyosimama bondeni, ikawa ushuhuda ya kuwa hewa ina uzito. Mtu wa namna hii hakubali jambo kwa sababu tu limesemwa na wakubwa.

Basi usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, tangu kama saa nne na nusu hata saa sita na nusu, alipatwa na jambo lisilopimika kwa bomba. Aliandika neno moto, na ya kuwa Mungu aliyemjia ni yule wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wala si wa wanafalsafa. Akataja furaha na machozi. Karatasi ile hakuitangaza.

Je, aliitupa akili? La. Miaka michache baadaye alikuwa bado akifumbua hesabu ngumu. Wala Kanisa Katoliki halifundishi kuitupa. Mtaguso Mkuu wa Vatikano, mwaka 1870, ulitamka mambo mawili pamoja: kwamba akili yaweza kumjua Mungu kwa kuvitazama viumbe vyake, na kwamba imani yenyewe ni kipaji cha Mungu, asichoweza mtu kujipatia pasipo nuru ya Roho Mtakatifu. Mkulima hatashangaa sana. Yeye hulima, hupanda na kupalilia, lakini jembe halileti mvua.

Walakini, ikiwa imani ni zawadi, asiyepewa alaumiwe kwa nini? Hapo pana ugumu, wala haifai kuuficha. Katika maandiko yaliyochapishwa mwaka 1670, baada ya kufa kwake, Pascal asema na mtu kama huyo, atakaye kusadiki asiweze. Hamwongezei hoja. Amshauri afanye kama walivyofanya waliomtangulia: atumie maji ya baraka, aombe Misa zisomwe, apunguze tamaa zake. Wengine wameudhihaki ushauri huu, kana kwamba ni hila ya kujidanganya. Lakini anayengoja mgeni hufagia ua, na kufagia si kumlazimisha mgeni afike.

Si kila neno la Pascal lililokubaliwa. Rafiki zake wa Port-Royal walishindana na Roma juu ya neema, na barua alizoandika kuwatetea zilipigwa marufuku mwaka 1657. Hata hivyo Papa Fransisko alitoa waraka wa kumsifu tarehe 19 Juni 2023, ilipotimia miaka 400 tangu kuzaliwa kwake.

Mwaka 1662 Pascal, mgonjwa sana, alikuwa amekaribisha jamaa maskini nyumbani mwake. Mtoto wao akashikwa na ndui. Ilihofiwa kwamba dada yake Pascal, aliyekuja kumwuguza, angewapelekea wanawe ugonjwa ule, na ilifaa mtoto yule aondolewe. Pascal akakataa, akaona ni heri ahame yeye. Akachukuliwa kwa dada yake, akafa huko tarehe 19 Agosti, mwenye miaka 39. Siku chache baadaye mtumishi, akipapasa koti la marehemu, aliona kitu kigumu ndani ya bitana. Ilikuwa karatasi ile ya usiku wa 1654. Kwa miaka karibu minane, kila alipobadili koti, aliifumua na kuishona tena.